Helen Taussig: Daktari kiziwi aliyefundisha kuwa upasuaji wa moyo si mwisho wa matibabu

MTOTO anapozaliwa na kasoro ya moyo, wazazi wake huomba jambo moja: afanyiwe upasuaji na apone. Akitoka chumba cha upasuaji akiwa hai, midomo ikiwa imepata rangi, familia hushukuru Mungu na majirani husema ugonjwa umekwisha. Miaka 15 au 20 baadaye, kijana huyohuyo anaweza kuambiwa kuwa ini lake limejaa makovu, hata kama hajawahi kuonja pombe wala kuugua homa ya ini. Chanzo huwa ni ule moyo uliorekebishwa utotoni.

Madaktari walichelewa kuliona tatizo hili kwa sababu watoto waliopasuliwa hapo kale hawakuishi muda wa kutosha ini kudhurika. Walipoanza kuishi, ilibidi awepo mtu wa kuwafuata mwaka hadi mwaka, kuwapima na kuandika kilichowapata. Kazi hiyo ya kufuatilia ilijengwa na mwanamke mmoja wa Marekani, Dkt Helen Brooke Taussig, ambaye anatambuliwa kuwa mwanzilishi wa tiba ya moyo kwa watoto.

Utoto wa mikasa

Helen alizaliwa Mei 24, 1898, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts. Baba yake, Frank Taussig, alikuwa profesa mashuhuri wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mama yake, Edith, alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kusoma katika Chuo cha Radcliffe. Ilikuwa nyumba ya wasomi, lakini haikukosa majonzi. Helen alipokuwa na miaka 11, mama yake alifariki kwa kifua kikuu. Yeye mwenyewe aliugua maradhi hayo utotoni na akapoteza muda mwingi wa masomo.

Shuleni aliteseka zaidi. Herufi zilimchanganya, kusoma kulimshinda, na baadhi ya walimu walidhani hana akili. Siku hizi hali hiyo inajulikana kwa jina la disleksia, lakini wakati ule haikueleweka. Baba yake ndiye aliyemwokoa. Kwa subira aliketi naye na kumsomesha taratibu, hadi binti akazoea kusoma kwa bidii na kuangalia kila kitu mara mbili. Tabia hiyo ya kuangalia mara mbili ilimfaa baadaye mbele ya wagonjwa.

Alianza masomo ya juu Radcliffe, kisha akahamia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley na kuhitimu mwaka 1921. Alipotaka kusomea afya ya jamii Harvard, aliambiwa kuwa wanawake wanaweza kuhudhuria masomo lakini hawatapewa shahada. Katika darasa la tiba aliloruhusiwa kuingia, aliwekwa pembeni, mbali na wanafunzi wa kiume. Akaenda Chuo Kikuu cha Boston, ambako mwalimu wake wa anatomia alimkabidhi moyo wa ng'ombe auchunguze. Hapo ndipo moyo ulipoanza kuwa kazi yake ya maisha. Mwalimu huyo alimshauri aende Johns Hopkins mjini Baltimore, chuo kilichokuwa kikiwapokea wanawake, na mwaka 1927 akahitimu udaktari.

Mikono badala ya masikio

Mwaka 1930 Dkt Edwards Park, mkuu wa idara ya watoto Johns Hopkins, alimkabidhi Taussig kliniki ya moyo ya watoto. Wakati huohuo msiba mwingine ulikuwa ukimnyemelea: alikuwa anapoteza uwezo wa kusikia. Kwa daktari wa moyo hilo lilikuwa pigo kubwa, kwa kuwa sauti za moyo ndizo zilizokuwa msingi wa uchunguzi.

Hakuiacha kazi. Alijifunza kusoma midomo ya watu, akatumia kifaa cha kusaidia kusikia na stethoskopu ya kukuza sauti. Zaidi ya yote aliifundisha mikono yake. Aliweka vidole kifuani mwa mtoto na kuhisi mapigo na mitetemo ambayo wengine waliisikia kwa masikio. Aliwatazama watoto kwa makini: rangi ya kucha, namna wanavyopumua, jinsi wanavyochuchumaa wakichoka. Alitumia pia mashine ya eksrei iliyoonyesha moyo ukidunda, akamgeuza mtoto upande huu na ule ili aone umbo la kila chumba.

Watoto wengi aliowaona walikuwa na midomo na kucha za rangi ya bluu. Wengi wao walikuwa na mkusanyiko wa kasoro nne unaoitwa tetralojia ya Fallot. Njia ya damu kwenda kwenye mapafu huwa nyembamba, na tundu lililo kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo huruhusu damu isiyo na oksijeni kuingia moja kwa moja mwilini. Mwaka 1936 alichapisha pia maelezo ya kasoro nyingine, ambayo vali iliyo kati ya vyumba vya upande wa kulia haikuumbika na chumba cha chini cha upande huo kimebaki kidogo. Kasoro hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kuunganisha historia ya moyo na ya ini.

Wazo lililozaa upasuaji

Kabla ya kuzaliwa, kila mtoto huwa na mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu. Kwa kawaida mshipa huo hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Taussig aligundua kuwa watoto wa bluu huwa na nafuu wakati ule mshipa ungali wazi, na hali zao huharibika unapojifunga. Kwa hiyo kilichowaua kilikuwa uhaba wa damu mapafuni.

Mwaka 1938 Dkt Robert Gross wa Boston alifanikiwa kuufunga mshipa huo kwa mtoto ambaye kwake ulikataa kujifunga. Taussig akawaza kinyume chake: kama fundi anaweza kuuziba, basi anaweza pia kuutengeneza kwa mtoto anayeuhitaji. Alisafiri hadi Boston kumweleza Gross, lakini daktari huyo hakuvutiwa na wazo hilo.

Nafasi ilijitokeza mwaka 1941, Dkt Alfred Blalock alipohamia Johns Hopkins kuongoza idara ya upasuaji. Alikuja na msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas, kijana Mmarekani mweusi aliyetamani kuwa daktari lakini akiba yake ya masomo ikapotea benki zilipofilisika. Kwa miaka mingi alilipwa mshahara wa daraja la wafagiaji. Blalock alimkabidhi swali la Taussig, na Thomas akatumia karibu miaka miwili akiwapasua mbwa wapatao 200 mpaka akapata njia: kuchukua mshipa unaopeleka damu mkononi na kuuunganisha na mshipa wa mapafu.

Novemba 29, 1944, njia hiyo ilijaribiwa kwa mtoto wa kike wa miezi 15 mwenye uzito wa kilo nne tu. Blalock alishika kisu, Taussig alikuwapo, na Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega la Blalock, akimwelekeza mshono kwa mshono. Mtoto alipata nafuu, ingawa alifariki miezi michache baadaye. Mapema mwaka 1945 wengine wawili walifanyiwa upasuaji, na mmoja wao, mvulana wa miaka sita, midomo yake ilibadilika kutoka bluu na kuwa ya waridi angali mezani.

Taarifa ilichapishwa Mei mwaka huo ikiwa na majina ya Blalock na Taussig pekee. Jina la Thomas halikuwamo. Chuo kilikuja kumtunuku shahada ya heshima mwaka 1976, na sasa wataalamu wengi wanaliweka jina lake pamoja na ya wenzake wanapoutaja upasuaji huo. Taussig naye alisubiri. Pamoja na umaarufu wake duniani, Johns Hopkins haikumpa uprofesa kamili hadi mwaka 1959, alipokuwa na miaka 61.

Hakuwaacha wagonjwa wake

Baada ya mwaka 1945 wazazi walimiminika Baltimore na watoto wao kutoka kila upande. Kitabu cha Taussig kuhusu kasoro za moyo za kuzaliwa kilitoka mwaka 1947 na kikawa msingi wa fani hiyo. Madaktari vijana walikuja kwake kujifunza, kisha wakarudi makwao kufungua kliniki za moyo za watoto.

Taussig alijua kuwa upasuaji ule haukuuponya moyo. Uliongeza damu mapafuni, lakini kasoro zenyewe zilibaki. Mtoto aliyekuwa afe akiwa na miaka mitatu sasa angefika 13 au 30, na hakuna daktari aliyewahi kumwona mtu wa namna hiyo akiwa mzima. Je, angeweza kufanya kazi? Mwanamke aliyepasuliwa utotoni angeweza kubeba mimba? Viungo vingine vingestahimili? Majibu hayakuwamo kitabuni. Yangepatikana kwa wagonjwa wenyewe, kama wasingepotea.

Kwa hiyo hakuwaruhusu wapotee. Aliwaandikia barua, akawapokea tena kliniki, akaulizia shule zao, ndoa zao na kazi zao. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini mamia ya watu walikua wakimhesabu kama mtu wa familia. Alipostaafu mwaka 1963 aliendelea na kazi hiyo, na katika miaka ya 1970 akachapisha mfululizo wa taarifa kuhusu hali za wagonjwa wa kwanza miongo kadhaa baada ya upasuaji.

Ukaguzi wake haukuishia kwenye moyo. Mwaka 1962 mwanafunzi wake wa zamani kutoka Ujerumani alimweleza kuhusu watoto wengi waliokuwa wakizaliwa huko bila mikono au miguu. Taussig alipanda ndege, akaenda kuchunguza mwenyewe, na akarudi na ushahidi dhidi ya thalidomaidi, dawa ya usingizi waliyokuwa wakipewa wajawazito. Alitoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani, na mwaka huohuo sheria ya dawa ikakazwa. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alimtunuku Nishani ya Uhuru, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Moyo cha Marekani.

Alifariki Mei 20, 1986, katika ajali ya gari huko Pennsylvania, siku nne kabla ya kutimiza miaka 88. Siku hiyo alikuwa akiwasafirisha rafiki zake waliokwenda kupiga kura.

Ini laingia katika hesabu

Ile kasoro ya vali isiyoumbika, aliyoieleza mwaka 1936, ilibaki fumbo kwa miaka mingi. Mtoto wa aina hiyo ana chumba kimoja tu cha moyo chenye nguvu ya kusukuma damu. Mwaka 1968 Dkt Francis Fontan wa Bordeaux, Ufaransa, alifanya jambo ambalo wengi hawakulidhania. Aliielekeza damu inayorudi kutoka mwilini iende mapafuni bila kupitia chumba cha kuisukuma, na kile chumba kimoja kizima kikaachiwa kazi ya kuipeleka damu mwilini. Taarifa yake ilitoka mwaka 1971. Mpaka leo watoto wengi wanaofikia hatua hiyo huanza kwa kuwekewa mrija unaotokana na wazo la Taussig, Blalock na Thomas wakiwa wachanga.

Upasuaji wa Fontan umewapa uhai makumi ya maelfu ya watu. Gharama yake huonekana polepole, na mahali inapoonekana sana ni kwenye ini.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mto ukizibwa kwa mbele, maji hurudi nyuma na kufurika mashambani. Katika mwili wa kawaida, upande wa kulia wa moyo huipokea damu chafu na kuisukuma mapafuni, hivyo shinikizo ndani ya mishipa inayorudisha damu huwa dogo. Baada ya upasuaji wa Fontan hakuna pampu hapo. Damu hujivuta yenyewe kuelekea mapafuni, na ili ipite, shinikizo ndani ya mishipa hiyo hupanda mara mbili au tatu. Ini lipo chini kidogo ya moyo, na mishipa yake humimina damu katika mshipa mkuu palepale karibu na moyo. Kwa hiyo ndilo linalofurika mapema. Wakati huohuo damu safi inayolifikia huweza kupungua, kwa kuwa chumba kimoja hakipeleki damu nyingi kama viwili.

Ini lililofurika kwa miaka hujenga makovu. Uchunguzi umeonyesha kuwa karibu kila aliyepita njia hiyo huwa na kiasi fulani cha makovu baada ya muongo mmoja au zaidi. Kwa baadhi yao makovu huzidi mpaka ini linasinyaa na kuwa gumu, hali inayoitwa sirosisi, na wachache hupata saratani ya ini wakiwa bado vijana. Hatari yake ni ukimya. Kijana anaweza kwenda kazini, kucheza na kula vizuri, na vipimo vya kawaida vya damu vikawa karibu na sawa, huku kovu likiendelea kukua. Tumbo kujaa maji na kutapika damu ni dalili za kuchelewa.

Wale wa tetralojia ya Fallot nao hawakusalimika wote. Wengi wa wagonjwa wa mwanzo wa Taussig walirudi baadaye kufanyiwa upasuaji kamili, ambao ulihitaji kuongezewa damu nyingi. Kirusi cha homa ya ini C hakikutambuliwa hadi mwaka 1989, na damu haikuwa inapimwa. Baadhi yao waliambukizwa wakiwa mezani na wakajua miaka mingi baadaye. Wengine huwa na vali ya mapafu inayovuja, na upande wa kulia wa moyo ukichoka, ini lao pia hufurika.

Hakuna hata moja kati ya haya ambalo lingejulikana kama wagonjwa wangeruhusiwa kwenda nyumbani na kusahauliwa. Yalijulikana kwa sababu kliniki zilizofuata mfano wa Baltimore ziliendelea kuwaita, mpaka daktari wa moyo akalazimika kumwita daktari wa ini. Sasa aliyefanyiwa upasuaji wa Fontan hushauriwa kupimwa ini mara kwa mara kwa ultrasaundi, vipimo vya damu na, inapowezekana, picha za MRI. Hushauriwa kuepuka pombe, kuchanjwa dhidi ya homa ya ini A na B, na kutomeza dawa bila daktari kujua. Hali ikizidi, baadhi huhitaji kupandikizwa moyo, na wachache moyo na ini kwa pamoja.

Afrika Mashariki na zamu yake

Katika nchi za Afrika Mashariki, upasuaji wa moyo kwa watoto si habari ya mbali tena. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala huwapasua watoto, na familia nyingine hupeleka wanao India au kwingineko. Maana yake ni kwamba watoto hawa, Mungu akiwajalia, watafika utu uzima. Watahama mikoa, wataolewa, watavuka mipaka kutafuta kazi, na siku moja wataingia hospitali ya wilaya ambako hakuna anayejua walichofanyiwa.

Katika ukanda huu ini tayari lina maadui wake: homa ya ini B, na sumukuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Kijana ambaye ini lake limebanwa na moyo hana nafasi ya kuongeza mzigo mwingine. Chanjo ya homa ya ini B, inayotolewa kwa watoto wachanga, na nafaka zilizokaushwa vizuri vina thamani kubwa zaidi kwake kuliko kwa jirani yake.

Mzazi anaweza kuanza na karatasi. Ripoti ya upasuaji, inayotaja aina ya kasoro, jina la upasuaji na tarehe yake, ihifadhiwe kama cheti cha kuzaliwa, nakala abaki nayo mtoto anapokua na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Tarehe ya kliniki isirukwe kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Na akifika kwa daktari mgeni kwa ajili ya moyo, aulize pia ini lake lilipimwa lini.

Helen Taussig hakuishi kuyaona makovu hayo yakipewa jina. Alichokiacha ni utaratibu wa kumwita mgonjwa arudi, na kliniki za watu wazima waliozaliwa na kasoro za moyo, ambazo sasa zipo katika nchi nyingi, zinafanya kazi kwa utaratibu huo hadi leo.